Nyumba Aliyomchagulia Mumewe

Rajinder Kaur alikuwa na miaka sitini na minane siku alipopanda basi namba kumi na moja kutoka Handsworth kwenda kumtafutia mumewe nyumba ya wazee. Ilikuwa Oktoba 2006. Mkobani alikuwa na daftari la mistari, kalamu mbili, na karatasi yenye majina ya nyumba tatu aliyopewa na ofisa wa ustawi wa jamii. Ofisa yule, mwanamke mpole mwenye mafua yasiyokwisha, alikuwa amemwambia, "Usiharakishe, Bi Rajinder. Nyumba nzuri utaijua ukiiona." Rajinder akashukuru. Hakumwambia kwamba alikuwa akiitafuta iliyo mbaya kuliko zote.

Mumewe aliitwa Harbhajan. Wote wawili walizaliwa Kisumu, watoto wa Makalasinga wa reli, na Kiswahili walikiokota mitaani kabla hata ya kwenda shule. Mwaka 1968 walihamia Birmingham. Harbhajan akawa msimamizi kwenye kiwanda cha vipuri vya magari, akawa pia mjumbe wa kamati ya gurdwara, hekalu la Makalasinga. Mrefu, kilemba kimenyooka kama kimepigwa pasi kichwani, sauti ya kuamuru. Akisema jambo nyumbani, limekwisha. Rajinder alishona nguo kiwandani, akapika, akanyamaza.

Mama yake Rajinder, Basant Kaur, aliwafuata mwaka 1979 baada ya kufiwa na mume. Kwa miaka mitano aliishi nao vizuri, akamlea mjukuu wake Nilam. Kisha akili ikaanza kumtoka. Alificha viatu ndani ya oveni. Akauliza soko liko upande gani, na ukimuuliza soko lipi anakasirika, kana kwamba ulimwengu una soko jingine zaidi ya lile la Kisumu. Jumapili moja alitoka nje na sketi ya ndani tu, akakutana getini na wajumbe watatu wa kamati waliokuja kunywa chai.

Jumanne iliyofuata Rajinder alirudi kazini akakuta kitanda cha mama yake kimetandikuliwa, godoro limesimamishwa ukutani.

"Mama yuko wapi?"

"Pahali pazuri," Harbhajan alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye gazeti.

Kwa wiki sita alikataa kumwambia ni wapi. Rajinder aliipata nyumba hiyo mwenyewe, kwa kupiga simu kutoka kiwandani wakati wa mapumziko, moja baada ya nyingine. Alipofika alimkuta mama yake amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, nywele zake, ambazo mkasi haukuwahi kuzigusa tangu azaliwe, zimekatwa mpaka masikioni. Rahisi kuosha, walimwambia. Hakuna hata mmoja pale aliyejua neno la Kipunjabi wala la Kiswahili. Mbele ya mama yake kulikuwa na sahani ya soseji za ng'ombe, nyama iliyokuwa mwiko kwake maisha yote.

Usiku ule alimwambia mumewe kwamba amemwona. Harbhajan akamjibu, "Ukienda tena huko, usirudi hapa." Nilam alikuwa na miaka tisa, na Rajinder hakuwa na ndugu Uingereza nzima. Akadanganya kwamba ana kazi ya ziada, akaenda mara nne. Ya tano alikuta chumba kina mtu mwingine. Basant Kaur alikuwa amekufa siku mbili nyuma. Simu ilikuwa imepigwa nyumbani, na aliyeipokea alikuwa Harbhajan.

Hata hapo hayakuisha. Harbhajan aliwatangazia watu wa gurdwara kwamba mama mkwe wake alirudi Kisumu kwa mwanawe, na huko ndiko alikofia, katikati ya watu wake. Aibu ya nyumba ya wazee hakuitaka. Rajinder akapewa pole kwa kifo cha uongo. Alipokea kila mkono uliomfikia, na kila mkono aliuhesabia mumewe.

Aliye juu mngoje chini. Rajinder alimngoja miaka ishirini na miwili.

Maradhi yalipomshika Harbhajan, yalimshika kama yalivyomshika Basant Kaur: kidogo kidogo, halafu kwa pupa. Mwanzo alisahau majina, halafu njia. Asubuhi moja mwaka 2004 alikaa mbele ya kioo saa nzima na kitambaa cha kilemba mapajani, hajui kinaanzia wapi. Rajinder alisimama mlangoni akamtazama, mkono wake haukunyanyuka. Kiingereza kilimtoka Harbhajan kwanza. Kipunjabi kikachanganyika, katikati ya sentensi kinapotea. Kilichobaki kikiwa kizima kilikuwa kile Kiswahili cha utotoni, cha kucheza gololi na kuamuru watumishi. Alipoacha gesi wazi mara ya tatu, daktari alisema hawezi kuendelea kukaa nyumbani.

Ndipo Rajinder akapanda basi.

Nyumba ya kwanza ilikuwa Handsworth kwenyewe, dakika kumi kutoka kwake. Meneja alikuwa bwana mmoja aitwaye Kamlesh, ambaye wazazi wake walitoka Nakuru. Alipozungumza na mzee alipiga magoti kwanza ili macho yao yalingane. Milango ya vyumba ilipakwa rangi tofauti tofauti, kila mtu aukumbuke wake. Jikoni mtu alikuwa akichoma chapati. Rajinder alifungua daftari, akauliza maswali ambayo angeuliza mwaka ule wa 1984 kama angepewa nafasi.

"Wahudumu wangapi kwa wazee wangapi?"

"Watano kwa ishirini mchana."

"Nani atamfunga kilemba?"

"Mimi, au Saido. Saido ni Msomali, lakini nimemfundisha, sasa anafunga kunishinda."

"Akikataa kula?"

"Tunangoja nusu saa, tunajaribu tena. Tukishindwa tunakupigia wewe, utuambie alipenda nini."

Rajinder aliandika yote. Alipofika kituo cha basi akapiga mstari kwenye ukurasa mzima.

Ya pili ilikuwa ya katikati, si nzuri si mbaya. Akaiacha bila kufikiri.

Ya tatu ilikuwa Erdington, nyumba ya matofali iitwayo Thornhay, nyuma ya barabara kuu ya maduka. Harufu ya mkojo ilimpokea kabla ya mtu yeyote. Kengele ya chumba fulani ilikuwa ikilia, na iliendelea kulia muda wote aliokuwa pale. Mzee mmoja ukumbini alivaa sweta ya kike yenye vifungo vya maua.

"Wahudumu wangapi?" Rajinder alimuuliza meneja, mwanamke aliyekuwa akitazama saa yake.

"Wa kutosha."

"Kwa wazee wangapi?"

"Inategemea na siku."

"Nani atamfunga mume wangu kilemba?"

"Kile cha kichwani? Tuna kofia za sufu."

"Na akikataa kula?"

"Akiona njaa atakula."

Kila jibu lilimfurahisha. Aliyaandika kwa mwandiko wake mzuri, akaweka na tarehe, kisha akasema, "Hapa panafaa."

Nilam, ambaye sasa alikuwa mwalimu London na mama wa watoto wawili, alipiga simu jioni. Mama yake alimsemesha Kiswahili cha nyumbani, yeye akajibu Kiingereza kama kawaida yake. Alikuwa amesoma habari za nyumba ya Handsworth, akaipenda. "Imejaa," Rajinder alimwambia. "Hakuna nafasi mpaka mwaka kesho." Harbhajan mwenyewe ndiye aliyemfundisha jinsi uongo mmoja mfupi unavyotosha.

Jumapili iliyofuata baada ya kumpeleka Harbhajan Thornhay, Rajinder alikwenda gurdwara. Kwenye ukumbi wa chakula, watu wamekaa chini kwa mistari, mmoja wa wajumbe wa zamani wa kamati akamuuliza Sardarji, yaani mumewe, yu hali gani. Kwa miaka mingi Harbhajan alikuwa amesimama mbele ya watu hao akisema kwamba jamii yao haitupi wazee wake kwa Wazungu. Rajinder aliweka sahani yake chini, akainua sauti isikike hadi mstari wa mwisho.

"Nimemweka nyumba ya wazee, Erdington. Kama yeye alivyomweka mama yangu. Mama yangu hakufia Kisumu. Alifia mtaa wa nyuma hapa hapa Birmingham, nywele zimekatwa, na Harbhajan akawadanganya ninyi nyote. Mnaweza kumwombea sasa. Jina lake ni Basant Kaur."

Mama mmoja wa jikoni aliyekuwa akigawa dengu alibaki na upawa hewani. Rajinder akaendelea kula, na chakula kilikuwa na ladha ambayo hakuionja kwa miaka.

Alianza kwenda Thornhay kila Alhamisi. Wiki ya kwanza kilemba kilikuwa kimepotea, kweli wamemvika kofia ya sufu ya buluu. Wiki ya pili aliletewa soseji za ng'ombe. Rajinder alivuta kiti, akakaa akamtazama akitafuna mpaka akamaliza. Hakuyageuza macho. Roho yake ilishiba kuliko tumbo la Harbhajan.

Harbhajan hakumjua tena. Alimwita "mama" tu, kama unavyomwita mgeni. Mhudumu aliyepita na toroli la chai, mwanamke Mwafrika wa miaka arobaini na kitu, Harbhajan alimwita kwa kelele, "Boi! Lete chai!"

"Mimi si boi, Papa," mhudumu yule alimjibu kwa Kiswahili. "Mimi ni Fortunée. Chai inakuja."

Alhamisi ya tatu Rajinder alisogeza kiti karibu na mumewe akasema, "Nikusimulie kisa?"

"Simulia."

"Kulikuwa na mwanaume mmoja, mkubwa, watu wanamheshimu. Mama ya mke wake akapata ugonjwa wa kusahau..." Akamsimulia yote. Godoro ukutani, wiki sita, mkasi, safari nne za siri, simu iliyopokelewa ikafichwa, kifo cha uongo. Harbhajan alisikiliza ameinamia mbele, mdomo umeachama, na kisa kilipofika kwenye nywele, machozi yakamtoka.

"Mtu gani huyo?" alisema. "Hana mama yeye?"

"Alikuwa naye."

"Mshenzi! Mnyama! Ana jina?"

"Ana jina."

"Na mke wake? Hakumfanya kitu?"

"Wewe niambie. Afanywe nini?"

Harbhajan alifikiri. Kwa muda ule sura yake ya zamani ilirudi, ile ya mwenyekiti wa kikao. Akapiga mkono wa kiti. "Apelekwe huko huko alikomtupa yule mama. Akae. Aone."

"Na akilia?"

"Alie."

Rajinder alitoka pale akacheka peke yake njia nzima hadi kituo cha basi, kicheko cha sauti, mpaka mwanamke aliyekuwa na kigari cha mtoto akavuka barabara kumwepuka. Miaka ishirini na miwili alitaka neno moja kutoka kinywa kile. Sasa alikuwa amelipata, na uzuri wake ni kwamba Harbhajan angelisahau kabla ya chakula cha jioni, na Alhamisi ijayo Rajinder angelipata jipya.

Akalipata. Wiki hadi wiki, majira yote ya baridi, alimsimulia, na wiki hadi wiki Harbhajan alilia, akalaani, akahukumu. Mara nyingine adhabu ilikuwa viboko. Mara moja alisema mtu huyo anyimwe jina. Lakini mara nyingi ilikuwa ile ile: apelekwe huko huko.

Mwezi wa Februari Fortunée alimsimamisha kwenye korido. Alikuwa na glavu mkononi, na alikuwa akitembea kwa kuegemea upande mmoja.

"Mama, pardon. Mimi ni mtu wa Uvira, Kongo. Kiswahili ndicho luga yetu. Ile habari unamwambiaka Papa, nimeisikia yote, tangu juma la kwanza."

Rajinder alijikaza. "Utanisema?"

"Kwa nani? Meneja hata jina langu hajui." Fortunée aliegemea ukuta. "Hasira yako naielewa. Mimi pia niko na watu wangu, wenye walinikosea kule kwetu, majina yao nayajua, na ya watoto wao. Siku Mungu ananipatia nafasi, sijui nitawafanya nini. Lakini hapa, Mama, unamupiga Papa huyu na mkono wangu."

"Sijakuambia umpige."

"Asubuhi tuko watu wawili. Wazee thelathini na mmoja. Namugeuza nani, namuacha nani? Wewe ulichagua mara moja. Mimi nachagua kila siku. Yule Bibi wa chumba cha nne, yeye alimukosea nani?"

Rajinder alitazama mlango wa chumba cha nne.

"Kuja uone," Fortunée alisema.

Alimwingiza chumbani, akamlaza Harbhajan ubavu, akafunua bandeji chini ya mgongo. Palikuwa na kidonda cha kulalia, kipana kama kiganja, kingo zake nyeusi. Fortunée alieleza bila kupamba: mtu asipogeuzwa, ngozi inakufa, kisha nyama, kisha sumu inaingia damuni, na kwenye cheti cha kifo wanaandika moyo.

Rajinder alisikia harufu. Aliijua. Ilikuwa chumbani mwa mama yake zile safari mbili za mwisho, naye alidhani ni bomba la maji machafu nje ya dirisha. Hata aliwaambia walizibue. Kwenye cheti cha Basant Kaur kuliandikwa moyo.

Alitoka hadi koridoni. Hakumwonea Harbhajan huruma. Huyo alikuwa anapata alichojihukumu mwenyewe. Kilichomjaa kilikuwa kingine. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amemlaumu mtu mmoja tu, na wale waliomwacha mama yake aoze kitini, wakamkata nywele wasihangaike, hajawahi hata kuyauliza majina yao. Sasa alikuwa na mwingine wa aina yao ofisini hapo chini, anatazama saa.

Alirudi nyumbani akafungua daftari. Majibu yote ya meneja yalikuwemo, neno kwa neno, na tarehe, na chini yake aliyoyaona kila Alhamisi, kwa kuwa alikuwa akiyaandika ili ayafurahie baadaye: kengele zilizolia bila kuitikiwa, soseji, sweta za watu wengine. Aliandika barua ya kurasa saba kwa wakaguzi wa serikali, na nakala kwa baraza la jiji. Jina la Fortunée hakulitia popote. Hesabu ya wazee na wahudumu aliiandika kama aliyoihesabu mwenyewe.

Wakaguzi walikuja bila taarifa, Jumanne asubuhi. Walirudi Alhamisi. Mwezi mmoja baadaye Thornhay ilikatazwa kupokea mtu mpya, na meneja akafukuzwa. Fortunée alimpigia Rajinder kumwambia siku na saa ambayo mwanamke yule angekuja kuchukua vitu vyake. Rajinder alipanda basi makusudi. Alisimama upande wa pili wa barabara chini ya mvua, na meneja alipotoka na sanduku la karatasi na mmea kwenye chungu, Rajinder alimpungia mkono. Yule akapunga pia, hakumkumbuka ni nani.

Nyumba ilipofungwa kabisa kiangazi kile, ilibidi Harbhajan ahamishwe. Rajinder alikwenda tena Handsworth.

"Nakukumbuka," Kamlesh alisema. "Ulikuwa na maswali mazuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kuja hapa. Nilishangaa hukurudi."

Rajinder aliangalia chini. Hilo lilimchoma kidogo, naye alilikubali lichome. Akaomba jambo moja: kama wanatafuta mhudumu, yuko mwanamke wa Uvira.

Kidonda kilichukua miezi minane kupona. Saido alimfunga Harbhajan kilemba kila asubuhi, na kweli alikifunga vizuri. Rajinder aliendelea kuja Alhamisi, akaendelea kumsimulia. Fortunée, aliyekwisha kuajiriwa hapo, alipita na toroli, akasikia, akamwekea chai yake kando bila kusema neno. Sasa wahudumu walikuwa watano kwa wazee ishirini, na mgongo wa Fortunée ulikuwa umenyooka. Kufikia mwisho wa 2008 maneno yalikuwa yamemwishia Harbhajan. Alitazama midomo ya mkewe ikisogea, basi. Rajinder alimaliza kisa hata hivyo, chote, akangoja hukumu, haikuja.

Harbhajan alikufa Februari 2009, usingizini. Rajinder hakulia, na hakujifanya analia.

Baada ya maombolezo alimweleza Nilam kila kitu, pamoja na uongo kwamba nyumba ya Handsworth ilikuwa imejaa. Alisema kwa Kiswahili, polepole, asipotoe chochote. Nilam alichukua koti lake akaondoka na gari moshi la jioni. Hakupiga simu Machi nzima, wala Aprili. Rajinder alikonda. Alijua kwamba bei hii hakuwa ameiweka kwenye hesabu zake.

Mwezi wa Mei Nilam alikuja bila taarifa, peke yake. Walikaa jikoni. Kwa mara ya kwanza tangu utotoni alijaribu kusema na mama yake kwa Kiswahili, kibovu, anatafuta kila neno.

"Bibi," alisema. "Mimi nampenda Bibi. Na Baba pia. Wewe ulinifanya nidanganywe kuhusu wote wawili."

"Uongo wa kwanza haukuwa wangu."

"Wa pili ulikuwa wako."

"Ndiyo."

Nilam alizungusha kikombe mezani. "Na wewe, ukianza kusahau? Nani atakuchagulia nyumba?"

"Wewe," Rajinder alisema. "Sina mwingine."

"Huogopi?"

"Naogopa sana."

Nilam alimtazama, na uso wake ulikuwa wa Harbhajan mtupu, nyusi, taya, kila kitu. Hakumwambia asiogope. Aliinuka akafungua kabati, akauliza sukari iko wapi siku hizi, na Rajinder akamwonyesha.